Kompyuta ya Mezani Haiwaki, au Inawaka Bila Picha: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Nyumbani

Watu wengi wanaoomba msaada wa kompyuta ya mezani iliyogoma huanza na maneno yaleyale: "Nimejaribu kila kitu." Ukimdadisi mtu huyo, utasikia kwamba alichomoa RAM (vijiti vya kumbukumbu), akabadilisha waya wa monita, akagusagusa BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) na akataka kuweka Windows upya, yote katika jioni moja. Kompyuta ikipona, hajui kilichoiponya. Isipopona, sasa ana matatizo mawili.

Kompyuta huwaka kwa mpangilio. Umeme unafika, pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) inaamka, madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) inakagua prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM na kadi ya picha, picha inatokea kwenye monita, kisha diski inaanza kuleta Windows. Kazi yako ya kwanza ni kujua imekwamia kituo kipi. Baada ya hapo unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, unaandika ulichokiona, ndipo unagusa kinachofuata. Ukivunja kanuni hiyo, mwongozo huu wote hautakusaidia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, ile inayoandikwa PH2
- Tochi au taa ya simu
- Kifutio cheupe cha penseli, kitambaa kisichotoa nyuzi, na pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi
- Brashi laini iliyo kavu, au kopo la hewa ya kupulizia vumbi
- Waya wa pawa na waya wa monita ambavyo una hakika ni vizima
- Fleshi ya GB 8 au zaidi
- Betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3
- Simu ya kupigia picha, daftari na kalamu

Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Hata mafundi wa miaka mingi hufanya hivyo, kwa sababu waya mdogo wa kitufe cha pawa ukirudi mahali pasipo pake unaweza kukupotezea siku nzima.

## Maonyo matatu

Chomoa waya wa umeme ukutani kila unapoingiza mkono ndani. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha pawa na ukishikilie kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyobaki kwenye madabodi iishe.

Usifungue pawasaplai kamwe. Ndani yake kuna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Ikiharibika, inabadilishwa nzima.

Jihadhari na umeme tuli. Fanya kazi juu ya meza, mbali na zulia, na gusa chuma cha kasha kabla ya kushika RAM au kadi yoyote. Shika vifaa kwa kingo.

## Hatua ya 1: Tambua imekwamia wapi

Rudisha waya, bonyeza kitufe cha pawa mara moja, kisha tazama na usikilize kwa dakika moja bila kugusa kitu. Andika unachokiona, halafu chagua hali inayofanana nacho:

- Kimya kabisa, hakuna taa wala feni: nenda Hatua ya 2.
- Inawaka na kuzima baada ya sekunde chache, au inajirudia: Hatua ya 3.
- Feni zinageuka, monita haina picha: Hatua ya 4.
- Nembo inatokea, Windows haiingii: Hatua ya 5.
- Inaingia vizuri, kisha inaganda au kujizima: Hatua ya 6.

Usiruke hatua hii kwa kuwa unadhani tatizo unalijua. Kusema "haiwaki" hakutoshi, maana kompyuta iliyokufa kabisa na kompyuta inayozungusha feni bila picha hutibiwa kwa njia tofauti kabisa.

## Hatua ya 2: Kimya kabisa

Anza nje. Chomeka taa ya meza kwenye soketi ileile unayotumia. Kama kompyuta inapitia ekstensheni, iache na uchomeke moja kwa moja ukutani. Badilisha waya wa pawa.

Sasa tazama nyuma ya pawasaplai. Zipo nyingi zenye swichi ndogo yenye alama I na O. I maana yake imewashwa. Swichi hii hugongwa kwa urahisi mtu akisogeza kasha au akifagia nyuma ya meza. Pawasaplai za zamani huwa pia na kiteuzi chekundu cha volti, 115 au 230. Kiache kwenye volti ya umeme wa mahali ulipo. Ukikiweka 115 kwenye umeme wa 230, pawasaplai itaungua.

Bado kimya? Chomoa umeme, shikilia kitufe cha pawa kwa sekunde 30, subiri kidogo, kisha rudisha. Pawasaplai nyingi hujifungia zenyewe umeme unaporuka, na hazikubali kuamka hadi chaji ya ndani iishe.

Ikishindikana, fungua ubavu wa kasha umeme ukiwa umechomolewa, na sukuma kwa nguvu plagi mbili: ile kubwa ya pini 24 upande wa madabodi, na ile ya pini 8 au 4 juu karibu na prosesa. Rudisha umeme bila kuwasha. Madabodi nyingi zina taa ndogo inayowaka muda wote umeme ukiwepo. Ikiwaka, pawasaplai inatoa angalau umeme wa kusubiri, na mshukiwa wa pili ni kitufe cha pawa chenyewe.

Kitufe kina njia rahisi ya kupimwa. Umeme ukiwa umechomolewa, tafuta kona ya chini ya madabodi penye pini zenye maandishi kama PWR_SW au PWRBTN. Chomoa plagi ya kitufe cha pawa, na mahali pake weka plagi ya kitufe cha RESET. Rudisha umeme, bonyeza RESET. Kompyuta ikiwaka, kitufe cha mbele kimekufa na kila kitu kingine ni kizima. Unaweza kuendelea kutumia RESET kuwashia hadi upate kitufe kipya.

Dalili ya mafanikio: feni zinaanza kugeuka na kubaki zikigeuka.

Wapo wanaopima pawasaplai kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Sipendekezi. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba inaamka, hakionyeshi kwamba inahimili mzigo. Azima pawasaplai nzima iliyo sahihi na ujaribu nayo. Ukifanya hivyo, tumia waya zake zenyewe. Usichanganye waya za pawasaplai moja na nyingine hata kama plagi zinaingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana bila kuonekana kwa macho, na kosa hilo huunguza diski papo hapo.

## Hatua ya 3: Inawaka na kuzima

Kama ni kompyuta mpya au umeweka RAM mpya ya DDR5, kwanza subiri. Madabodi hupima na kuizoea RAM hiyo mara ya kwanza, na kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa huku mashine ikijizima na kujiwasha yenyewe. Ipe dakika 10 hadi 15 kabla ya kuchomoa chochote. Wengi hukata umeme katikati, na hivyo wanaanza upya kila mara.

Kama si hivyo, kagua haya kwa mpangilio: plagi ya pini 8 ya prosesa imeingia yote, kipoozeo cha prosesa hakichezi, waya wa feni ya kipoozeo umeingia kwenye pini za CPU_FAN, na hakuna skrubu iliyodondoka nyuma ya madabodi. Inua kasha polepole, ligeuze, sikiliza kama kuna kitu kinachoviringika.

Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi. Poti ya USB iliyopinda pini inaweza kuzima mashine nzima.

Dalili ya mafanikio: mashine inabaki imewaka dakika mbili au zaidi, hata kama picha bado haipo.

## Hatua ya 4: Feni zinageuka, picha haipo

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa zaidi.

Kwanza, monita. Chomoa waya wa picha na ubonyeze kitufe cha menyu cha monita. Menyu yake ikionekana, monita ni nzima. Kisha chagua chanzo sahihi: kama waya ni wa HDMI 1, monita isiwe inasubiri DisplayPort. Waya nyingi za DisplayPort zina kishikizo kinachotoa mlio mdogo waya unapoingia. Kama wako ni wa aina hiyo na husikii mlio, haujafika mwisho.

Pili, upande wa nyuma wa kasha. Tundu za picha zinaweza kuwa sehemu mbili. Zipo za madabodi, zilizopangwa juu pamoja na USB na sauti. Nyingine ni za kadi ya picha, chini zaidi, zimelala mstari mmoja peke yake. Kama una kadi ya picha, waya uingie kwenye kadi. Ukiuchomeka kwenye madabodi, mara nyingi utapata kioo cheusi.

Sababu iko kwenye prosesa. Prosesa nyingi za Intel zenye herufi F mwishoni, kwa mfano i5-12400F, hazina sehemu ya kutengeneza picha. Ryzen 5 5600X nayo haina. Kwenye mashine kama hizo, tundu za picha za madabodi zipo lakini hazina kinachozilisha.

Tatu, pawa ya kadi. Kadi kubwa huhitaji plagi zake za pini 6 au 8 kutoka kwenye pawasaplai. Feni zake zinaweza kugeuka bila plagi hiyo, na picha isitoke. Chomoa umeme, toa kadi, ikandamize upya kwenye sloti ya juu, na uchomeke plagi hadi kishikizo kifunge.

Nne, soma taa za madabodi. Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Huwaka moja baada ya nyingine wakati wa ukaguzi. Inayobaki imewaka ndiyo inayokuambia pa kwenda. Kama hakuna taa lakini kuna spika ndogo, hesabu milio yake, mirefu na mifupi, na uilinganishe na kitabu cha madabodi yako. Usitumie orodha ya madabodi nyingine, maana kila mtengenezaji ana yake.

### RAM, polepole

Hata kama taa ya DRAM haiwaki, fanya sehemu hii. RAM isiyokaa vizuri ni miongoni mwa sababu za kawaida sana za kioo cheusi, hasa kompyuta ikiwa imesafirishwa au kusogezwa.

Chomoa umeme. Laza kasha juu ya meza, upande uliofunguliwa ukitazama juu. Fungua vibanio na utoe vijiti vyote vya RAM.

Mulika meno ya dhahabu kwa tochi ukikiinamisha kijiti huku na huku. Mwanga ukipita kwa ulalo, utaona kilichofichika: ukungu wa kahawia, alama ya kidole, au unyuzi wa vumbi uliolala kati ya meno mawili. Sugua taratibu kwa kifutio kuelekea ukingo, geuza, rudia. Futa mabaki kwa kitambaa kilicholowa pombe kidogo na ngoja ikauke. Sloti yenyewe ipulizie hewa tu. Usiingize kitu cha chuma.

Rudisha kijiti kimoja. Kwenye madabodi yenye sloti nne, kwa kawaida ni sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, yenye alama A2. Linganisha pengo la kijiti na kizuizi cha sloti, kisha kandamiza kwa vidole gumba, upande mmoja halafu mwingine, hadi kibanio kijifunge chenyewe kwa mlio. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Madabodi itabonyea kidogo, na hilo ni sawa. Wengi huishia njiani kwa hofu ya kuvunja, kijiti kinabaki kimeingia upande mmoja, na kwa macho kinaonekana kimekaa.

Washa. Isipoleta picha, jaribu kijiti cha pili peke yake kwenye sloti ileile, kisha rudia kwenye sloti nyingine. Andika kila jaribio.

Kusoma majibu ni rahisi. Kijiti kinachokataa kwenye kila sloti kimekufa. Sloti inayokataa kila kijiti ina hitilafu yake, au pini ya soketi ya prosesa imepinda. Vyote vikikataa kila mahali, toa RAM yote na uwashe: madabodi ikipiga milio au ikiwasha taa ya DRAM, basi prosesa inafanya kazi angalau kiasi cha kugundua kwamba RAM haipo, na hiyo ni habari njema.

### Kurudisha BIOS mwanzo

Kabla ya hapa, jiulize kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows. Kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uwe nao mkononi kwanza.

Chomoa umeme, toa betri ya CR2032, shikilia kitufe cha pawa sekunde 10, subiri dakika 5, rudisha betri upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Kama kompyuta imekuwa ikisahau saa na tarehe kila umeme ukikatika, weka betri mpya moja kwa moja.

Dalili ya mafanikio: nembo ya madabodi inatokea, au ujumbe wa kukutaka uingie BIOS. Ujumbe wa namna hiyo baada ya kutoa betri ni wa kawaida.

## Hatua ya 5: Nembo ipo, Windows haiingii

Chomoa fleshi zote, diski za nje na hata printa. Kompyuta ikijaribu kuwaka kutoka kwenye fleshi isiyo na mfumo, itakwama hapo.

Ingia BIOS kwa kugongagonga Del au F2 mara tu unapowasha. Swali ni moja: diski yako inaonekana kwenye orodha?

Haionekani. Zima, chomoa umeme, chomeka upya waya zote mbili za diski ya SATA, kisha badilisha waya wa data na tundu lake. Kama ni M.2 (diski bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi), ondoa skrubu, itoe na uirudishe. Diski ya kuzunguka inayotoa milio ya kugonga, tak tak tak, ni ya kuzimwa mara moja. Kila dakika unayoiacha ikizunguka inaweza kukupunguzia uwezekano wa kuokoa mafaili. Kama yana thamani kwako, usiijaribu tena nyumbani.

Inaonekana. Kama umetoka kurudisha BIOS mwanzo na sasa unapata kioo cha bluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, tafuta kipengele cha SATA au VMD. Huenda mashine ilikuwa RAID na sasa iko AHCI, au kinyume chake (hizi ni namna mbili za madabodi kuzungumza na diski). Rudisha ilivyokuwa na Windows itaingia. Nimeona watu wakifuta diski nzima kwa ajili ya kipengele hicho kimoja.

Vinginevyo, acha Windows ishindwe kuwaka mara mbili au tatu mfululizo. Italeta yenyewe ukurasa wa marekebisho. Chagua Startup Repair. Ikishindwa, ingia Safe Mode kupitia Startup Settings na uondoe draiva (programu inayoendesha kifaa) au sasisho la mwisho. Ukurasa usipokuja, tengeneza fleshi ya Windows kwa kompyuta nyingine na uwashe kwayo.

Ukishaingia, fungua Command Prompt kama msimamizi na utumie amri hizi mbili kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inatengeneza ghala la mafaili ya mfumo, ya pili inachukua kutoka ghala hilo kurekebisha yaliyoharibika. Ya kwanza inahitaji intaneti.

Dalili ya mafanikio: Windows inaingia mara tatu mfululizo. Mara moja haitoshi. Nakili mafaili yako muhimu siku hiyohiyo kabla ya jambo lingine.

## Hatua ya 6: Inaganda au kujizima katikati ya kazi

Tazama inajizima lini. Ikijizima baada ya dakika chache za kazi nzito huku feni zikipiga kelele, shuku joto. Ikikatika ghafla sekunde ileile mchezo unapoanza, shuku pawasaplai. Ikiganda ovyo bila mpangilio, shuku RAM.

Kwa joto, safisha vumbi kwenye kipoozeo na kichujio cha pawasaplai. Zuia feni kwa kidole unapopuliza hewa, maana feni inayozungushwa kasi kupita kiasi huharibika. Kisha tazama joto la prosesa ndani ya BIOS. Ikiwa inazidi digrii 80 mashine ikiwa haina kazi, kipoozeo hakigusi vizuri. Kitoe, futa kwa pombe pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo), weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati. Kama kipoozeo ni kipya, kagua chini yake: plastiki nyembamba ya kinga husahaulika hapo mara nyingi.

Kwa RAM, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi na uiache ifanye kazi usiku. Kosa hata moja ni baya. Kama uliwasha XMP au EXPO kwenye BIOS ili RAM iende kasi, izime kwanza na upime tena.

Wengi hufungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), wakakuta Kernel-Power 41, na wakanunua pawasaplai mpya. Maandishi hayo yanasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Utayakuta hata kama ulichomoa waya mwenyewe.

Dalili ya mafanikio: saa mbili za kazi ileile iliyokuwa ikiizima, bila kukatika.

## Mambo madogo yanayofanana na makubwa

*Mausi isiyo na waya inarukaruka.* Kipokezi kikikaa jirani na poti ya USB 3 inayotumika, mawimbi yake ya GHz 2.4 huvurugwa. Kihamishie poti ya mbele au tumia waya mfupi wa kurefusha.

*Hakuna sauti.* Bofya alama ya spika, tazama ni kifaa gani kimechaguliwa. Monita ya HDMI hujichagua yenyewe.

*Hakuna intaneti.* Andika ipconfig kwenye Command Prompt. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikujibiwa na ruta, hivyo kagua waya na ruta. Anwani ikiwa ya kawaida, jaribu ping 8.8.8.8. Ikijibu na kurasa hazifunguki, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

*Umezima na kuwasha, kasoro imebaki.* Chagua Restart. Windows yenye Fast Startup ikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ilivyokuwa, kasoro ikiwa ndani yake.

## Ukifika kwa fundi

Acha kujaribu mwenyewe ukiona moshi, harufu ya kuungua, kapasita iliyovimba kichwa, au pini zilizopinda kwenye soketi ya prosesa. Mpe fundi daftari lako pamoja na mashine: taa iliyobaki imewaka, hesabu ya milio, kijiti na sloti ulizojaribu, na kitu cha mwisho kilichobadilika kabla haijagoma. Mwambie pia kama diski ina mafaili ambayo hayana nakala, na umwombe asiweke Windows upya kabla ya kuyatoa.